Mtemi Nyati na Nchi Iliyoondoka

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa na vigoda vyao, vyungu vyao na milango ya kubisha hodi, palikuwa na mwalimu mmoja mdogo sana, Mwalimu Pimbi. Mnamjua pimbi, wanangu? Yule mnyama wa mawe, ukubwa wake kama sungura aliyeshiba, hana mkia, hana pembe, hana chochote cha kumtishia mtu. Basi huyo ndiye aliyekuwa mwalimu.

Shule yake ilikuwa jabali bapa kando ya ziwa kubwa. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa wanyama wadogo: Ngolo mtoto wa Digidigi, Shija kifaranga wa Kanga, na Kobe, ambaye alichelewa kila siku na kila siku alikuwa na sababu. Mmoja tu alitoka katika nyumba ya wakubwa. Huyo alikuwa Ndama, mtoto wa Mtemi Nyati mwenyewe.

Siku moja Mwalimu Pimbi alimweka Shija juu ya gamba la Kobe.

"Kobe, tembea. Shija, tulia, usitikise hata unyoya."

Kobe akatembea. Kwata, kwata, kwata, mpaka mwisho wa jabali.

"Haya, niambieni. Shija ametembea, au hakutembea?"

"Ametembea!" akadakia Ngolo. "Alikuwa hapa, sasa yuko kule!"

"Hakutembea," akasema Kobe. "Tangu tulipoanza yuko palepale mgongoni kwangu, na kucha zake zinanitekenya palepale."

"Mimi sikuinua mguu," akasema Shija. "Nyinyi ndio mliokuwa mnarudi nyuma."

Wakacheka, wakabishana, wakanyosheana vidole. Mwalimu aliwaacha mpaka pumzi zikawaishia.

"Nyote mmesema kweli," akawaambia. "Kila mmoja ametazama kutoka mahali pake. Kwa hiyo mtu akikwambia kitu fulani kinakwenda, au kimesimama, muulize kwanza: kwa kumtazama nani?"

Ndama alilipenda somo lile. Akalibeba zimazima mpaka nyumbani, na jioni, walipokuwa wanakula, baba yake akamkaripia.

"Tulia wewe! Mbona unahangaika kama una siafu? Nitazame mimi. Mtemi akikaa, amekaa."

"Inategemea, baba," akasema Ndama. "Mtu anaweza kuwa amekaa na huku anatembea. Inategemea anatazamwa na nani."

Tonge likamkwama Mtemi kooni.

Kesho yake asubuhi jabali lilitetemeka. Gudu! Gudu! Gudu! Mtemi Nyati huyo, na nyuma yake Mzee Kifaru, mshauri wake. Macho ya Kifaru yalikuwa hafifu, lakini masikio yake yaliweza kusikia sisimizi wakinong'onezana.

"Wewe Pimbi!" akanguruma Nyati. "Unawafundisha watoto kwamba mimi, nikikaa kwenye kigoda changu, natangatanga kama mlevi?"

"Sikukutaja, Mtemi wangu. Nilisema mtu yeyote…"

"Ni nani mwingine anayekaa kigodani katika nchi hii?"

Mwalimu Pimbi aliona watoto wanamtazama, naye hakupenda wamwone anainama.

"Nilichofundisha ni kweli, Mtemi."

"Kweli?" Nyati akavuta pumzi, pua zikafuka. "Basi nionyeshe. Nakupa siku tatu. Nitakaa kigodani na bakuli la togwa mapajani, limejaa pomoni. Mimi nitembee hali nimekaa, na togwa isimwagike hata tone. Ukiweza, nyinyi wadogo, ambao siku zote hunywa mwisho, mtakunywa maji ufukoni mapema asubuhi, kabla ya watu wangu kuyavuruga. Ukishindwa, shule imekwisha, na ukoo wote wa wadogo mtahama ufuko huu."

Wanangu, hicho kilikuwa kiangazi. Vijito vyote vilikuwa vimebaki mchanga mtupu, na ziwa ndilo lilikuwa maji ya pekee.

"Tutahamia wapi, Mtemi?" akauliza Pimbi kwa sauti ndogo. "Kwingine kote ni mbali."

"Mbali?" akasema Nyati. "Inategemea nani anatazama." Akacheka peke yake, akaenda zake.

Mama Digidigi alilia siku ile. Baba Kanga alikuja kumlaumu mwalimu waziwazi: "Hesabu na kuandika havikutosha? Ilikupasa kufundisha mambo ya wakubwa kutembea?" Mwalimu Pimbi alipoona wote wameondoka, alishuka peke yake mpaka majini, akakaa, akafikiri.

Na pale alipokaa ndipo alipoona dawa.

Upande wa kusini wa ufuko palikuwa na kisiwa cha mafunjo, kile kinachoota chenyewe juu ya maji. Mizizi ilikuwa imeshikana kama mkeka, juu yake udongo, juu ya udongo nyasi, na katikati mti mchanga umeota. Upepo ulikuwa umekisukuma mpaka kikagusa nchi kavu, matete yakaziba mahali vilipokutana. Mtu asiyejua angeweza kujenga jiko pale na kuwasha moto. Na Mtemi Nyati hakujua, kwa sababu hakuwahi kushuka ufukoni. Maji aliletewa nyumbani kwa mtungi.

Kwa siku mbili mwalimu na wanafunzi wake walisokota kamba ya magome, ndefu ajabu. Ncha moja waliifunga kwenye mizizi ya kisiwa, ya pili wakaiacha nchi kavu, na karibu na kisiwa wakaizungusha kwenye jiwe kwa fundo moja la kulegezwa haraka.

"Mwalimu," akasema Ngolo, mikono yake imechubuka kwa kusokota, "huu si uongo?"

Pimbi aliacha kazi. Swali lile lilikuwa limemsumbua yeye pia.

"Sitamwambia Mtemi neno la uongo hata moja," akasema. "Nitamketisha tu mahali ambapo hajawahi kukaa akaitazama nchi yake. Kaa hapa, nikueleze jambo."

Ngolo akakaa. Shija na Kobe nao wakasogea.

"Nilipokuwa mdogo kuliko Shija," akaanza mwalimu, "mafuriko yalitukuta nyumbani. Maji yakanichukua. Nikashika gogo, gogo likaenda nami mtoni. Nikamwona mama yangu ukingoni. Nikamwita, mama! mama! Na nikamwona, kwa macho yangu haya, anarudi nyuma. Anarudi, anarudi, anakuwa mdogo, mpaka akapotea. Walioniokoa walikuwa watu baki, wakanilea. Miaka mingi, watoto wangu, nilikuwa nikisema: mama yangu alinikimbia. Nilimwona. Nani angenibishia jambo nililoliona mwenyewe?"

Shija akajibanza ubavuni kwa Kobe.

"Siku moja, nikiwa mtu mzima, nilikuwa nimepanda mtumbwi. Mkondo ulikuwa mkali. Ukingoni kulikuwa na mbwa mmoja anatukimbiza, anakimbia kwa nguvu zake zote, ulimi nje. Na bado nikamwona anarudi nyuma. Mtumbwi ulikuwa unamzidi mbio, basi. Nikaacha kupiga kasia. Nikalia mpaka wenzangu wakadhani nimeumwa na nyoka. Kwa sababu hapo ndipo nilipokumbuka miguu ya mama yangu siku ile. Ilikuwa inakwenda. Alikuwa anakimbia kunifuata."

Akaishika tena kamba.

"Ndiyo maana nafundisha somo hili, Ngolo. Haya, sokota."

Asubuhi ya siku ya tatu ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa, mweupe kama maziwa, na upepo mwepesi ulikuwa ukivuma kutoka nchi kavu kwenda majini. Mtemi Nyati alikuja na kigoda chake, bakuli lake na Mzee Kifaru.

"Chagua mahali, Pimbi," akasema kwa majivuno. "Mimi nikikaa popote, nimekaa."

"Pale kwenye mti mchanga, Mtemi wangu. Mzee Kifaru abaki hapa kwenye jiwe, awe shahidi. Mimi nitakaa karibu nawe."

Nyati akapita juu ya matete, nchwa, nchwa, nchwa. "Pana unyevunyevu hapa," akanung'unika, lakini akaweka kigoda chini, akakaa. Bakuli likawekwa mapajani. Togwa ilijaa mpaka ukingoni.

"Naapa mbele ya shahidi," akatangaza, "sitanyanyuka, sitasogea hata upana wa ukucha, mpaka kesi hii iishe!"

"Nimesikia!" akaitikia Kifaru kutoka ukunguni.

Ngolo akalegeza fundo. Taratibu, bila kishindo, bila mtikisiko, kisiwa kikaachana na nchi.

Ukungu ulikuwa umewafunika kila upande.

"Enhe?" akasema Nyati baada ya kitambo. "Natembea?"

"Wewe mwenyewe unaonaje, Mtemi?"

"Naona nimekaa. Tazama togwa! Imetulia tuli kama jicho la samaki." Akatoa karanga mfukoni kwa mkono mmoja, akairusha juu, ikarudi ikamwangukia mdomoni. Nyam! "Umeona? Ningekuwa natembea, karanga ingeangukia nyuma yangu. Hilo hata Ndama analijua."

Mwalimu Pimbi, pamoja na hofu yote aliyokuwa nayo, alifurahi moyoni. Jaribio la karanga! Hakuwahi kulifikiria. Mtemi angekuwa mwanafunzi mzuri sana, alifikiri, kama si pembe zile.

"Mtemi!" sauti ya Kifaru ikaja kutoka mbali. "Mbona unanong'ona?"

"Sijanong'ona! Mbona wewe unanong'ona?"

Hapo jua likachomoza, na ukungu ukaanza kuinuka. Ukainuka kama mtu anavyoinua pazia, kwanza chini, halafu juu. Nyati akatazama mbele yake. Akapepesa macho. Akatazama tena.

"Pimbi."

"Naam, Mtemi."

"Ule mti ulio uani kwangu. Unakwenda wapi?"

Nyati akageuza shingo.

"Na yale majabali… Pimbi! Majabali yanaondoka! Nyumba yangu! Nyumba yangu inaondoka na moshi wake wa jikoni! We Kifaru! Kifaruuu! Mnakwenda wapi?"

"Sisi?" Kifaru alisimama juu ya jiwe, masikio yamesimama. "Sisi tuko hapa hapa! Wewe ndiye unaondoka! Sauti yako inakwenda!"

"Mimi nimekaa!"

"Nami nimesimama!"

"Nyinyi ndio mnaorudi nyuma, nawaona!"

"Mtemi, nakuheshimu, lakini usinitie wazimu! Nilizaliwa kwenye jiwe hili!"

"Nami nina togwa mapajani, na haijamwagika hata tone!"

Wakabishana hivyo, wakubwa wawili, juu ya maji, kila mmoja akiapa kwa jina la babu yake. Na kadiri walivyobishana, ndivyo maji kati yao yalivyozidi kuwa mapana. Nyati alitaka kuruka. Lakini alikuwa ameapa kutosogea, na chini ya maji yale kulikuwa na mamba ambao hawaulizi nani mtemi. Akabaki amekaa, bakuli mikononi, anaitazama nchi yake ikiwa ndogo.

Sauti yake iliporudi haikuwa ile ya kunguruma.

"Nchi imenikimbia, Pimbi. Kwa nini?"

Wanangu, hapa ndipo mwalimu alipopata shida. Angeweza kusema: imekukimbia kwa ubaya wako. Angeaminiwa. Lakini alimwona yule mnyama mkubwa, macho yamejaa maji, na akayajua macho yale. Yalikuwa macho ya mtoto juu ya gogo.

"Sijui kama imekukimbia, Mtemi," akasema polepole. "Lakini kama wewe unaona hivyo, basi wewe ndiye unayeijua nchi yako. Uliifanyia nini?"

Nyati akalitazama bakuli lake.

"Niliwakataza wadogo maji safi," akasema mwisho. "Na wala maji hayapungui. Nilitaka tu waonekane wamesimama nyuma yangu." Akainua kichwa, akaita kwa sauti iliyokatikakatika: "Nchi yangu! Rudi! Ukirudi, wadogo watakunywa kwanza! Naapa tena, Kifaru, unasikia? Wadogo watakunywa kwanza!"

"Nasikia, japo kwa taabu!" ikajibu sauti nyembamba.

Pimbi akapaza mlio wake, ule mlio wa pimbi unaopenya mawe. Kwiiii! Ndiyo ilikuwa ishara ya kuvuta kamba.

Nchi ikazidi kuondoka.

Kwiiii! Hakuna kitu. Kumbe kule ufukoni watoto walikuwa wanahangaika na Mzee Kifaru. Walikuwa wameivisha kamba pembe yake, naye hataki kuvuta. "Mtemi ameapa kutosogea," alikuwa akisema, "nami nikimvuta nitakuwa nimemvunjia kiapo!" Mpaka Ndama akamwendea sikioni.

"Babu, baba yangu yuko huko. Naomba umvute."

Kifaru akapumua. Akageuka, akakanyaga ardhi. Kamba ikakaza, tiii!

Na nchi ikaanza kurudi. Kwanza majabali, halafu mti wa uani, halafu nyumba na moshi wake, halafu watoto wamesimama kwenye mstari, Ndama mbele yao anapunga mkono. Nyati alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Togwa haikumwagika mpaka kisiwa kilipogonga ufuko, gubu! Hapo ndipo bakuli liliporuka, na Mtemi akaloa kutoka kidevuni mpaka magotini.

"Imerudi!" akapiga kelele, akiruka nchi kavu. "Mmeona? Nimeiita, ikarudi!"

"Imerudi nini?" akasema Kifaru, anahema. "Shingo inaniuma kwa kukuvuta! Tazama kamba hii!"

Nyati akaitazama kamba. Akaifuata kwa macho kutoka kwenye pembe mpaka kwenye mafunjo. Akakanyaga ukingo wa kisiwa, kikabonyea, maji yakatoka. Uso wake ukabadilika. Akageuka, akainamisha kichwa, na ncha za pembe zake zikasimama mbele ya pua ya Mwalimu Pimbi.

"Umenichezea."

"Nimekuketisha kwenye kisiwa kinachoelea, Mtemi, na sikukwambia. Hilo nakiri," akasema Pimbi. Hakurudi nyuma. "Lakini kabla hujanipiga, maliza kesi. Wewe ni mtemi, na kesi iliyoanzwa lazima imalizwe. Sema mbele ya shahidi: ulitembea, au hukutembea?"

"Sikutembea! Niliapa, na sikusogea!"

"Basi nchi ndiyo iliyoondoka ikarudi, kama ulivyoiomba, na kiapo ulichoipa ni kwamba wadogo watakunywa kwanza."

Nyati akaitazama tena kamba. Akafikiri.

"Ngoja. Nchi haikuondoka. Kuna kamba."

"Basi wewe ndiye uliyetembea, umekaa, na togwa haikumwagika mpaka ulipofika. Nami nimeshinda, na wadogo watakunywa asubuhi."

Kifaru, aliyekuwa akihesabu maneno kwa kucha zake, akaguna: "Mtemi, njia zote mbili zinafika majini."

"Nasikia, mzee! Sina haja ya kuelezwa!"

Pembe zilikaa palepale kwa kitambo. Kisha zikainuka. Mtemi Nyati akajipangusa togwa kidevuni, akamtazama Ndama, akawatazama watoto wa wadogo mmoja mmoja, hata Kobe, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anafika.

"Ni ipi kati ya hizo ndiyo kweli, Mwalimu?" akauliza, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

"Zote mbili, Mtemi. Ya kwanza uliiona wewe kutoka kigodani, na ya pili aliiona Mzee Kifaru kutoka jiweni. Wewe chagua utakayoishi nayo."

Nyati akavuta pumzi, akasema kwa sauti ambayo ufuko wote uliisikia:

"Andikeni kwamba nilitembea. Afadhali mtemi aliyetembea kuliko mtemi aliyekimbiwa na nchi yake."

Na asubuhi iliyofuata wadogo walikunywa maji yakiwa bado meupe, na hakuna aliyewasukuma.

Basi wanangu, tusiseme nani ameondoka na nani amebaki kabla hatujajua aliyeona alikuwa amesimama wapi.